Mbio Zikivunjwa, Sadaka Isivunjwe

Ni ada ya watu wa pwani yetu, tangu Lamu hata Vanga, kwamba mauti yakibisha hodi katika mtaa ulio na harusi, ngoma hunyamazishwa, vigelegele hukatwa, na biharusi hupelekwa kwa mumewe bila ya mbiu wala matarumbeta. Walakini nikaha yenyewe haivunjwi, kwa kuwa ngoma ni furaha ya watu na nikaha ni ahadi iliyowekwa mbele ya Mola na mashahidi, na msiba wa jirani, hata uwe mzito namna gani, una haki ya kuisimamisha furaha wala hauna haki ya kuibatilisha ahadi. Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu nakusudia kusema juu ya ada nyingine, changa kwa umri na ngeni kwa wazee wetu, nayo ni mbio za hisani, ambazo maelfu ya watu hulipa kiingilio, huvaa fulana za rangi moja, na kukimbia barabarani asubuhi ya Jumapili ili fedha zitakazokusanywa ziwafae wagonjwa, mayatima na mafukara. Swali linalotaka jawabu ni hili: nchi inapofikwa na maafa ya gharika, ukame au zilizala, mbio kama hizo zivunjwe au zikimbiwe?

Jawabu langu nalitoa mapema ili msomaji ajue tunakokwenda. Ngoma ya mbio na ivunjwe bila ya kusita pale inapowaudhi au kuwapunja waliofikwa, lakini sadaka iliyokusudiwa haina ruhusa ya kuvunjika pamoja nayo. Na tena, maafa yanayostahili heshima hiyo ni yale yanayoangusha majumba ya mji kwa usiku mmoja, na vilevile yale yanayoimaliza nchi ya wafugaji polepole, msimu baada ya msimu, kama yanavyoimaliza Liboi, mji mdogo wa mpakani nitakaousimulia mbele.

Kisa mashuhuri kuliko vyote vya namna hii kilitukia mbali nasi, ingawa watu wetu walikuwamo. Usiku wa Jumatatu, tarehe 29 Oktoba 2012, tufani iliyopewa jina la Sandy iliipiga pwani ya mashariki ya Marekani. Katika mji wa New York bahari iliingia mitaani na katika njia za treni zipitazo chini ya ardhi, umeme ukazimika kwa mamia ya maelfu ya watu, na zaidi ya watu 40 wakafa mjini humo, wengi wao katika kisiwa cha Staten Island. Marathoni ya mji huo, ambayo pamoja na kuwa uwanja wa mabingwa ni chombo kikubwa cha kuyachangia mashirika ya hisani, ilikuwa imepangiwa Jumapili ya tarehe 4 Novemba, na kwa desturi huanzia papo hapo Staten Island, penye daraja la Verrazzano. Meya wa mji, Michael Bloomberg, alishikilia kwamba mbio zikimbiwe, akitoa hoja kwamba mji wahitaji kutiwa moyo na kwamba wenye maduka na mahoteli watapata riziki. Lakini watu waliokuwa bado wanawatafuta maiti wao katika nyumba zilizojaa matope waliona jenereta zimesimamishwa katika bustani ya Central Park kwa ajili ya mahema ya mbio, hali majumba yao yenyewe yamo gizani, na ghadhabu yao ikapanda hata Ijumaa jioni, siku mbili zisizotimia kabla ya wakati, mbio zikavunjwa.

Wakimbiaji elfu 40 na zaidi walikuwa wametazamiwa, na wengi walikwisha kuwasili kutoka pembe zote za dunia. Ukiisoma orodha ya washindi wa mbio hizo utamkuta Geoffrey Mutai wa Kenya mwaka 2011, aliyemaliza kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 6, na utamkuta yeye huyo tena mwaka 2013. Baina ya miaka hiyo miwili pana pengo, na pengo hilo halimfedheheshi mtu yeyote. Naona uamuzi wa kuvunja ulikuwa wa haki, na kosa lake ni kuchelewa tu, kwa kuwa siku nne za ubishi ziliwaumiza waliofikwa na kuwahasiri wageni kwa pamoja. Na linalostahili kukumbukwa zaidi katika kisa kile ni lile lililofuata, ambalo halikuamriwa na meya wala na chama cha wakimbiaji: asubuhi ya Jumapili ile ile, zaidi ya wakimbiaji elfu moja walipanda kivuko wakaenda Staten Island, migongoni wamebeba mikoba ya vyakula, mablanketi na betri, na wakakimbia nyumba hata nyumba wakiwagawia watu. Hiyo ilikuwa nikaha iliyofungwa bila ya ngoma.

Miaka 12 baadaye, na kwa kudura tarehe ikawa ile ile ya 29 Oktoba, gharika iliushukia mkoa wa Valencia katika nchi ya Hispania ikaua zaidi ya watu 220. Marathoni ya Valencia ilikuwa imekaribia, siku ya tarehe 1 Desemba 2024, na waandaaji wa huko wakakata shauri lingine: wakazikimbiza mbio zao, wakazifanya kuwa mbio kwa ajili ya Valencia yenyewe, na wakachangisha fedha kwa ajili ya waliofikwa. Aliyeshinda alikuwa kijana wetu Sabastian Sawe, ambaye hakuwahi kabla ya siku ile kukimbia marathoni, naye akaimaliza kwa saa 2, dakika 2 na sekunde 5. Sikuona mtu mwenye insafu aliyewalaumu. Zile za New York zilikuwa zikimbiwe siku ya sita baada ya tufani, maiti wengine hawajazikwa, na juu ya ardhi ile ile iliyozama. Hizi za Valencia zilikimbiwa baada ya mwezi, katika mitaa ya mji ambayo kwa sehemu kubwa ilisalimika, kwa kuwa maji yaliviangamiza zaidi vitongoji vya kusini. Dini yetu imeyawekea maombolezo mpaka wa siku tatu, isipokuwa kwa mjane aliye katika eda yake, na hekima iliyomo katika mpaka huo ni kwamba huzuni isipopewa kikomo huigeukia riziki ya walio hai ikaila.

Sasa natuje Liboi, ambayo ndiyo iliyonifanya niishike kalamu.

Liboi ni mji mdogo wa kaunti ya Garissa, mwisho wa barabara itokayo Garissa ikapita Dadaab, na ukiendelea mbele yake kitambo kidogo umeingia Somalia, ambako mji wa kwanza kukukabili ni Dhobley. Ni nchi tambarare ya mchanga na migunga, wakazi wake wengi ni Wasomali wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi, na mwaka wao hawauhesabu kwa Januari na Desemba, huuhesabu kwa mvua: Gu, ambayo ni masika yao, Hagaa, kipindi cha upepo na ubaridi, Deyr, ambayo ni vuli, na Jilaal, kiangazi kikali kinachokausha malambo na kukondesha mifugo. Gu ikikosekana, watu hukaza mikanda. Deyr nayo ikikosekana, huanza kuuza wanyama kwa bei ya kutupa. Zikikosekana tatu au nne mfululizo, hawana tena cha kuuza, wala pa kuhamia, kwa sababu majirani nao wako katika hali hiyo hiyo.

Hapa ndipo ninapoona mizani yetu ya maafa imepinda. Tufani ina saa yake ya kuingia, tetemeko lina dakika yake, na gharika ina usiku wake. Kwa hiyo mwandaaji wa mbio aliye Nairobi au New York anaweza kuitazama kalenda, akapima idadi ya siku baina ya maafa na mbio zake, akasema "na tuvunje" au "na tukimbie". Ukame hauna siku hiyo. Huingia kama deni la riba, kidogo kidogo, na pale unapotangazwa na wakubwa, aghalabu umekwisha kuua. Mwaka 2011 njaa ilitangazwa rasmi kusini mwa Somalia tarehe 20 Julai. Lakini uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria kwamba baina ya Oktoba 2010 na Aprili 2012 watu wapatao 258,000 walikufa katika nchi hiyo, zaidi ya nusu yao watoto wasiotimiza miaka mitano, na wengi miongoni mwao walikuwa kaburini kabla ya tangazo lenyewe. Ni mbio gani zingevunjwa kwa ajili yao, na siku ipi?

Na njia ya walioikimbia njaa hiyo ilipita Liboi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vita vilipoiangusha serikali ya Mogadishu, Liboi yenyewe ilikuwa na kambi ya wakimbizi, kisha watu wakahamishiwa Dadaab, katika kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilizojengwa mwaka 1991 na 1992 kwa hesabu ya watu 90,000. Hata baada ya kuhama huko kilibaki Liboi kituo cha kuwapokea wanaovuka, ambapo waliandikishwa, wakapimwa siha zao, na kupelekwa Dadaab kwa magari. Januari 2007 serikali iliufunga mpaka, na kituo kile kikafungwa pamoja nao. Kwa hiyo ilipofika njaa ya 2011, na zaidi ya watu elfu moja kwa siku walipokuwa wakiingia Dadaab, mama aliyevuka mpaka na watoto wake alifika Liboi asikute gari wala mwandikishaji, na mbele yake pakabaki mwendo wa yapata kilomita 80 wa mchanga. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Mwendo huo, basi, ni karibu ya marathoni mbili, na mama yule aliuanza akiwa amekwisha kutembea majuma mengi, bila ya maji, na mara nyingi akiwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Wengine waliwaacha watoto wao njiani wakiwa wamekwisha kukata roho, na wengine waliwaacha wakiwa bado hai kwa sababu hawakuweza kuwabeba wote. Na mambo haya yalitokea katika nchi yetu, juu ya barabara yetu, mwaka ambao miji yetu ilikuwa na mbio zake kama miaka yote.

Sisemi haya kwa ajili ya kuwashutumu Wakenya, kwa maana mwaka ule ule walifanya jambo la kuwapandisha hadhi mbele ya ulimwengu. Mwishoni mwa Julai 2011 ulianzishwa mchango ulioitwa Wakenya kwa ajili ya Kenya, ukiongozwa na Msalaba Mwekundu pamoja na makampuni na vyombo vya habari, lengo likiwa kukusanya shilingi milioni 500 kwa majuma manne. Watu wakatuma walichonacho kwa simu, huyu shilingi 10, yule shilingi 1,000, na lengo likafikiwa na kupitwa. Naye Mo Farah, mkimbiaji wa Uingereza aliyezaliwa katika ardhi ya Wasomali, aliizuru Somalia mwaka ule akaona yaliyokuwa yakitokea, akaanzisha wakfu wa kuwasaidia wenye njaa, mwaka mmoja kabla ya kutwaa dhahabu zake mbili za London. Yote hayo yanathibitisha kwamba shufaka haikukosekana. Kilichokosekana ni utaratibu unaoitambua nakama ya polepole kabla haijafikia kuwa maiti juu ya barabara.

Na yaliyopita yalirudi. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, jambo ambalo wazee wa kaskazini walisema halikuonekana kwa muda wa miaka 40. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na mpaka ulipokwisha, zaidi ya mifugo milioni mbili na nusu ilikuwa imekufa katika kaunti kavu za Kenya. Mzoga wa ngamia aliyekufa kwa kiu kando ya lambo lililokauka ni akiba ya benki iliyoungua, ni karo ya mtoto, ni mahari ya kijana, ni maziwa ya mtoto mchanga, vyote kwa pamoja. Walakini sikumbuki hata mbio moja mashuhuri katika miji yetu iliyosimamishwa kwa siku moja kwa ajili ya mzoga huo, wala sikumbuki zilizotanguliwa na dakika moja ya kimya.

Kisha, kama ilivyo tabia ya nchi hii, kiu ikafuatwa na maji mengi kupita kiasi. Ilikuwa hivyo mwaka 1961, ukame ulipofuatwa na gharika ambayo wazee bado wanaisimulia. Ikawa hivyo mwaka 1997 na 1998, wakati wa El Niño. Na ikawa hivyo tena kuanzia Oktoba 2023, mvua iliponyesha juu ya ardhi iliyokuwa ngumu kama saruji, ikayazoa mabanda ya kambi za Dadaab, ikaikata njia ya kwenda Nairobi upande wa Madogo, na malori ya vyakula yakakwama matopeni siku nyingi. Kabla watu hawajapumua, masika ya 2024 yakaleta mafuriko yaliyoua kiasi cha watu 300 katika Kenya nzima. Mto Tana, uliobeba maji yaliyonyesha mbali katika milima ya kati na kuyajaza mabwawa yote ya juu yake, uliimeza mitaa ya chini ya Garissa, na tarehe 28 Aprili mashua iliyokuwa ikivusha abiria pale Kona Punda ikazama, na baadhi ya watu waliokuwamo wakafa. Serikali iliahirisha kufunguliwa kwa shule nchi nzima, na tarehe 10 Mei ikawa siku ya mapumziko ya kuwakumbuka waliokufa na kupanda miti. Lilikuwa jambo jema, nami naliheshimu. Ila siku ya maombolezo hupita, na huku kwetu gharika ina mkia mrefu.

Mkia huo naomba tuutazame kwa makini, kwa sababu ndio hoja yangu yenye nguvu kuliko zote dhidi ya kuvunja mbio na kuyaacha mambo yakomee hapo. Baada ya mvua za 1997, maji yaliposimama kwa majuma katika mabonde ya Garissa, mayai ya mbu yaliyokuwa yamelala udongoni kwa miaka yaliamka, na mbu hao wakaeneza homa ya Bonde la Ufa, ambayo huwaharibia mimba mbuzi na kondoo, huwaua wana wao, kisha huwaingia wanadamu kwa damu na maziwa. Wataalamu walikadiria kwamba katika eneo la Garissa peke yake watu wapatao 27,500 waliambukizwa. Nchi za Ghuba zikafunga milango yao kwa mifugo ya pembe yetu ya Afrika, na mfugaji aliyesalimika na kiu, kisha akasalimika na maji, akajikuta ana wanyama wasionunulika. Maradhi hayo yalirudi mwishoni mwa mwaka 2006, nayo yalikuja baada ya mafuriko ya namna ile ile. Maana yake ni kwamba mwezi wa pili na wa tatu baada ya gharika, wakati ambapo magazeti yamekwisha kugeukia habari nyingine na fulana za mbio zilizovunjwa zimefungiwa stoo, ndipo fedha zinapohitajiwa zaidi: za chandarua, za dawa, za mganga wa mifugo, za kuzibua visima vilivyojaa tope. Mwandaaji aliyevunja mbio zake kwa heshima ya wafu, kisha asifanye lolote kwa ajili ya walio hai, amelipa nusu ya deni.

Tena kuna mtu mwingine anayesahauliwa pindi mbio zinapovunjwa, naye ni yule ambaye mbio zilikuwa zake tangu mwanzo. Hospitali ya Mater ya Nairobi kwa miaka mingi imekuwa na mbio za moyo, ambazo mapato yake huwalipia upasuaji watoto wa masikini waliozaliwa na kasoro za moyo. Mwaka 2014 Bi. Margaret Kenyatta, mkewe Rais Kenyatta, alianzisha mbio za Beyond Zero, akakimbia mwenyewe nusu marathoni Nairobi na marathoni kamili London, na fedha zikanunua kliniki za magari, moja kwa kila kaunti, Garissa ikiwamo. Mwaka huo huo zilitangazwa hesabu zilizoonyesha kwamba katika kaunti ya Mandera walikuwa wakifa wajawazito 3,795 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Mtu asiyeishi huku anaweza kuziona mbio za hisani kuwa ni anasa ya watu wa mjini waliokula wakashiba. Lakini kwa mama aliye katika utungu Liboi, na hospitali kubwa iko Garissa, gari lile lililonunuliwa kwa jasho la Jumapili moja lilikuwa ni tofauti ya uhai na mauti. Gharika ya Budalang'i, magharibi mwa nchi, haimponyi mtoto mwenye tundu moyoni, wala kuvunja mbio zake hakumrudishi aliyezama. Tukizivunja basi tujue kwamba tunamwambia mtoto huyo angoje, na tuwe na ujasiri wa kumwambia mpaka lini.

Yupo atakayesema kwamba njia iliyo nyepesi ni kuzikimbia mbio na kuzigeuza fedha zote ziende kwa waliofikwa na maafa. Hapana budi nimpinge, ijapokuwa nia yake ni njema. Fedha iliyotolewa kwa jina la mgonjwa wa moyo ni amana, na mafakihi wetu waliposimamisha misingi ya wakfu waliliweka sharti la mtoaji mahali pa juu sana, karibu na nafasi ya sheria yenyewe, ili asije msimamizi, hata akiwa mchaji na mwenye huruma, akaichukua mali ya kisima akajengea msikiti. Mwandaaji asiyemwuliza mtoaji amekwenda kinyume cha amana, hata kama shilingi zote zimefika kwa mwenye njaa. Na watu wakiisha kuona kwamba fedha zao huenda kusikotajwa, mwaka wa pili hawatoi, na hasara hiyo humrudia mwenye moyo na mwenye njaa kwa pamoja. Harambee nyingi za nchi hii zilikufa kwa namna hiyo, nazo zilipendwa sana.

Basi ninachokipendekeza ni kitu kinachowezekana kufanywa na mtu yeyote mwenye daftari na kalamu. Kabla ya kuanza kuwaandikisha wakimbiaji, waandaaji waandike sharti lililo wazi: yakitokea maafa, fungu hili la kiingilio litabaki kwa madhumuni ya asili, na fungu hili litakwenda kwa waliofikwa, mbio zitaahirishwa kwa muda fulani, na zisipowezekana kabisa, fedha hazitarudi mfukoni mwa mdhamini. Mkimbiaji atie saini akijua. Kisha yale yote ambayo mbio hukusanya mbali na fedha, yaani mahema, magari ya wagonjwa, chupa za maji kwa maelfu, na vijana wa kujitolea waliokwisha kufundishwa kupanga watu na kuhudumia walioanguka, yawe tayari kupakiwa katika malori siku ile ile mbio zinapovunjwa, yakaelekea kunakohitajiwa. Wale wa Staten Island walifanya hivyo kwa hiari yao bila ya kuandaliwa. Sisi tunaweza kuandaa.

Na kuhusu ukame, ambao nimesema hauna siku, siku yake ipo ikiwa tutakubali kuitazama. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, iliyoundwa mwaka 2011, hutoa kila mwezi taarifa ya kila kaunti kavu, ikiitaja hali yake kwa daraja: ya kawaida, ya tahadhari, ya hatari, ya dharura, na ya kupona. Taarifa hizo zinapimwa kwa mvua, kwa malisho, kwa masafa ya kwenda majini, na kwa unene wa mikono ya watoto. Waandaaji wa mbio kubwa za nchi hii wakubaliane kwamba siku ambayo kaunti yoyote inaingia daraja la hatari, wala wasingoje la dharura, siku hiyo ihesabiwe sawasawa na usiku wa tufani: sharti lililoandikwa lianze kutumika, fungu litengwe, na jina la kaunti hiyo litangazwe mbele ya wakimbiaji kabla hawajaondoka mstarini. Hapo Liboi itakuwa na tarehe. Mtoto wa mfugaji atafikiwa na uji angali anaweza kuumeza, na mbuzi atanunuliwa angali ana nyama, badala ya kungoja tangazo la njaa linalokuja baada ya mazishi.

Najua kwamba baadhi ya waandaaji watanijibu kwamba Liboi ni mbali, kwamba barabara ni mbovu na usalama si wa kutegemewa, na kwamba mpaka ule umejaa mashaka tangu majeshi yetu yalipovuka kuingia Somalia Oktoba 2011. Yote ni kweli. Lakini hakuna anayewataka wakimbie Liboi. Machifu wako huko, wauguzi wako huko, walimu wako huko, na Msalaba Mwekundu una watu wake katika kaunti. Simu iliyopeleka shilingi 10 ya mchuuzi wa Gikomba mwaka 2011 inafika Liboi kwa dakika ile ile inayofika Westlands. Kinachodaiwa ni hesabu itolewe hadharani, iseme fedha kiasi gani zilifika katika wadi gani na zikafanya nini, na isomwe na watu wa wadi hiyo wenyewe, kwa lugha wanayoifahamu.

Gavana wa Garissa na wabunge wa kaskazini nao wana lao la kufanya, kwa kuwa tumezoea kuwalaumu watu wa Nairobi kwa kutusahau, hali sisi wenyewe hatujawahi kuwaandikia waandaaji wa mbio barua moja ya kuwaomba sharti kama hili. Iandikwe mwaka huu. Mvua za Deyr hutazamiwa Oktoba, na mbio kubwa za Nairobi kwa kawaida hukimbiwa katika mwezi huo huo. Uandikishaji hufunguliwa miezi kadhaa kabla, na sharti likikosa kuwamo katika karatasi siku uandikishaji unapofunguliwa, haliwezi tena kuongezwa kwa haki mpaka mwaka mwingine.